Sauti Iliyomtukana Tavo

Kashai, Bukoba
3 Februari 2025

Kwako baba mdogo,

Shikamoo waitu. Mgongo unaendeleaje? Na mama mdogo Annastella, na kibanja cha migomba? Huku sote wazima, ila mimi ndiye mzima kupita wote.

Simu hutaki, unasema inakula maneno, basi pokea barua kwa mkono wa konda wa basi. Mwanafunzi wako nimekupita! Tangu uniachie maiki ya banda la video sijaona watu kama wiki hii. Imekuja sizoni mpya, Wana wa Tavo. Ndiyo, Tavo wetu, nahodha wa chombo cha nyotani, yule uliyemtafsiri mpaka wazee wakatoa machozi. Sasa wamemgeuza. Wenzake wanapigana huko angani, yeye anajificha nyuma anaokota maiti, kisha anazipeleka makwao apewe dhahabu. Nami nikatia chumvi. Nikampa jina, Konda wa Majeneza. "Siti ya nyuma ipo mama, marehemu habanani na mtu!" Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Hata wenye Kiingereza chao kutoka Miembeni wanakuja kunisikiliza mimi, wa darasa la saba. Vipande vimesambaa kwenye simu mpaka Muleba. Huko Ngenge mmenisikia?

Ndimi mwanao,
Gamaliel, Mdomo wa Dhahabu


Ngenge, Muleba
11 Februari 2025

Kwa Gamaliel,

Marahaba. Mgongo upo. Mama yako mdogo anakusalimu. Upepo umeangusha migomba kidogo.

Tumekusikia. Nikipita njia ya shuleni watoto wananiita Konda wa Majeneza. Jana mmoja alinifuata mpaka getini akiuliza kama siti ya nyuma ipo.

Unajua watu wa hapa waliniita Tavo, ila sijawahi kukwambia kwa nini. Katika sizoni ile ya kwanza alisimamisha chombo vita vikiwa vimechacha, akamwokota kijana wa adui aliyekufa, akampeleka kwa mama yake. Hakuchukua kitu. Siku nilipoitafsiri, mama mmoja aliinuka bandani akaniambia, "Ta Rugaibula, mume wangu yuko mochwari Geita, na sina mtu wa kumleta." Nikaenda. Tangu hapo nawaleta marehemu wa kila nyumba.

Aliyetunga hiyo mpya hakumwelewa Tavo. Simlaumu, labda kwao mtu huzikwa popote. Lakini wewe umezaliwa kibanjani, na baba yako amelala pale kwenye migomba. Wewe ulishindwa nini?

Baba yako mdogo


Kashai
15 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mmeamkaje? Mimi mzima, ila umenipiga bakora ya karatasi.

Sasa na wewe usinune. Mimi ni mdomo tu, picha ni ya wenyewe. Watoto wakichoka wataacha. Nikija nitakuletea sangara mkubwa kuliko hasira yako.

Mwanao,
Gamaliel


Ujumbe kwa simu ya mama mdogo
20 Machi 2025

Shikamoo mama mdogo, poleni na msiba. Msomee baba mdogo, maana barua yangu hakuijibu.

Baba mdogo, nimeambiwa kila kitu. Rutashobya, mtoto wa jirani yenu Klaudia, amefia kazini Mwanza. Klaudia alipokuja kukupigia hodi ulimjibu, "Katafute konda mwingine." Mama mdogo alinisimulia bila kunigombeza. Angenigombeza ningepona.

Jana nilijaribu kumtafsiri Tavo kama wewe, taratibu. Watu wakapiga kelele, "Rudisha Konda!" Nikazima mashine.

Niko Mwanza, nje ya mochwari. Sijawahi hata kumgusa maiti. Mtu anafanyaje njiani?

Gamaliel


Jibu, siku hiyohiyo

Kaa nyuma pamoja naye, usikae na dereva. Kila mji mkifika mtajie. Sengerema, Geita, Biharamulo. Mwite kwa jina. Uani kwa mama yake usinyamaze, mwambie kwa sauti kwamba amefika.

Baba mdogo


Kashai
27 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Naona haya hata kukuuliza hali, maana nilikuona kwa macho nikakukimbia.

Nilimtajia miji yote. Dereva alidhani nimechanganyikiwa. Tulipofika uani nikafungua mdomo, "Rutashobya..." na watoto wakacheka. Si ubaya wao. Sauti hii wanaijua, walikuwa wanangoja siti ya nyuma. Klaudia akageuka kunitazama, naye akaijua. Maneno yakaniishia, mimi ambaye sijawahi kuishiwa. Ukatoka kwenye migomba ukanimalizia, "...umefika kwa mama yako."

Nilipanda bodaboda kabla hamjachimba. Hata jembe sikushika.

Mwanao, kama bado,
Gamaliel


Ngenge
2 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umetulia. Klaudia anakusalimu. Aliuliza kama yule kijana aliyemleta mwanawe alikula.

Aibu usiibebe yote, nyingine ni yangu. Rutashobya alikaa mochwari akingoja kwa sababu mimi, mzee mzima, nilinuna kwa kelele za watoto. Siku ile Tavo alipomchukua kijana wa adui, watu wa chombo chake mwenyewe walimtukana. Walimwita msaliti, wakamwita mwoga. Matusi yale niliyatafsiri kwa mdomo wangu. Hakugeuza chombo.

Sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau.

Baba yako mdogo