Kitambaa cha Kompyuta ya Mzee Athumani

Mjukuu wangu Salma,

Natumai huko Nakuru u mzima. Sisi hapa Magogoni hatujambo, alhamdulillahi. Babu yako goti linamsumbua, lakini msikitini haachi kwenda.

Waniuliza ufanye nini, maana wafanyakazi wa bekari unayoisimamia hawataki kugusa tableti mpya ya kuandikia oda, na wewe mwenyewe bado inakupiga chenga ila hutaki wajue. Umenikumbusha ujana wangu Likoni, nilipokuwa nikishona kanzu dukani kwa Mzee Athumani. Alinunua kompyuta ya kuwekea vipimo vya wateja, akaifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Kila siku alitwambia, "Itumieni!" Tukimuuliza vipi, alitukaripia. Basi tukabaki na daftari letu.

Idi ikikaribia, chai ikamwagikia daftari, wino wote ukachuruzika. Nilidhani atafoka. Wallahi, alikiondoa kile kitambaa, akaketi, akasema mbele yetu sote, "Zuhura mwanangu, mimi hata kuiwasha sijui. Njooni tutafute pamoja."

Tulicheka mpaka machozi, naye akicheka. Kufika adhuhuri tulikuwa tumeandika jina moja tu, lake mwenyewe, na urefu wa kanzu yake. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeiogopa tena.

Nilipoolewa alinipa kile kitambaa. Mpaka leo nakifunikia mtungi wa maji. Kule dukani hakikuwa na kazi tena.

Akupendaye,
Nyanya Zuhura