Waliocheka Jikoni

Nyakoe, Kisii
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshaepua mahamri na umeketi, maana ukiipokea umesimama utaisoma nusu, uiweke juu ya kabati, na hiyo nusu ya pili niione mimi peke yangu. Goti linaendeleaje? Bado unaisingizia baridi, hapo Malindi pasipojua baridi? Na Bibi je, ameacha kuficha dawa zake chini ya mkeka? Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi. Nimenenepa kwa ndizi na nimejifunza kuvaa sweta mbili kwa pamoja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila tukilifikia jambo lenyewe unasema mtandao unakatika, na kaka Athmani ameniambia mtandao huwa haujakatika hata kidogo. Jambo lenyewe unalijua. Ulinipa mpaka Ramadhani. Ulisema kama itafika sijawachekesha watu wa huku, niache kusimama mbele za watu nikijifanya kichaa, nirudi nyumbani tukaange mahamri. Sasa tumo Shaabani, na Athmani anasema unataka kupanda basi uje kujionea mwenyewe. Kabla hujafunga mzigo, nisikilize mpaka mwisho.

Nianze na kazi ya mchana, usije ukadhani nimeiacha. Bado niko dukani kwa Bi Hansa, tunauza vitambaa na sare za shule. Mwanamke huyu Mungu ampe maisha marefu. Siku za onyesho huniachia mapema, na ndiye aliyenipa kitenge cha kuvaa jukwaani, akasema mtu wa kuchekesha asionekane kama ameazima nguo. Wateja huniambia naongea kama kitabu cha darasa la saba. Mwanzoni niliumia, kisha nikaanza kulitumia neno hilo jukwaani, na likawa la kwanza kuwachekesha.

Maana Mama, kuchekesha huku ni kazi. Watu hawa Kiswahili wanakijua vizuri, ila wamekisoma shuleni, na nyumbani wanasema Ekegusii. Nilipoanza nilikuwa nakimbia na maneno kama ninavyosema nawe. Nikamaliza kisa, kimya. Nikaingia kisa cha pili, ndipo wakaanza kuangua kicheko, katikati ya maneno ya huzuni. Nilidhani wananicheka mimi. Kumbe kijana mmoja alikuwa amemweleza mwenzake kisa cha kwanza kwa lugha yao, naye akamweleza wa pembeni, mpaka kikafika ukutani. Kicheko changu kilikuwa kinachukua njia ndefu, nami sikingoji. Siku hizi nasema, nanyamaza, nakunywa maji, natazama viatu vyangu. Nusu ya kazi hii ni kunyamaza, na wewe ulikuwa ukisema mimi siwezi.

Kosa lingine lilikuwa la kuweka onyesho Jumamosi alasiri. Nusu ya majirani zangu ni Wasabato, na Jumamosi hawaendi popote ila kanisani mpaka jua lizame. Walikuja Wakatoliki wachache na muuza chipsi, naye muuza chipsi alikuja kwa ajili ya kivuli. Tangu hapo tunafanya Jumapili baada ya misa.

Lakini kosa kubwa ni hili ninalotaka kukueleza, na sikukueleza wakati ule kwa sababu ungesema nirudi siku hiyo hiyo.

Unajua nimepanga chumba kwa Mama Kwamboka. Boma ni la baba mkwe wake, Mzee Nyaundi, anayeishi pale na mkewe, bibi kizee ambaye sote tunamwita Magokoro, yaani nyanya kwa lugha yao. Mama Kwamboka alinipenda toka siku ya kwanza. Akaniletea maziwa, akanifunza kupika mboga za huku zilizo chungu ambazo sasa sizioni chungu tena. Basi nilipopata ukumbi wa nyuma ya hoteli ya Bwana Onchari, alikuja na boma zima kunitia moyo. Mstari wa mbele alikaa Mzee Nyaundi, kando yake Magokoro, kando yake Mama Kwamboka mwenyewe.

Nami nikaona leo ni leo, nikatoa kisa kilicho bora kuliko vyote nilivyo navyo. Kile cha baba mkwe wa jirani yetu Bi Zena, anaoga kwenye bafu la makuti, upepo unachukua pazia, naye ana povu machoni hana habari. Wapita njia wana adabu, wanamsalimu. Anaitikia. Mmoja anamuuliza hali ya mbuzi, anamjibu kwa kirefu. Mara mke wa mwanawe anatokea na ndoo ya maji ya moto.

Hapo kwetu watu wangekuwa wameshaanguka mkekani. Pale Mama Kwamboka alivuta sweta lake mpaka usoni akatoka nje. Mzee Nyaundi aliinamisha kichwa akawa anatazama sakafu. Baba mmoja aliyekuja na mwanawe alisimama, mwanawe naye akasimama, wakatoka kwa milango tofauti. Nikabaki na ndoo yangu ya maji ya moto mkononi, sikujua niitue wapi. Nilisema asanteni nikashuka, na hakuna aliyepiga makofi ila Bi Hansa.

Wiki ile Mama Kwamboka alinisalimu akitazama kuku. Bwana Onchari akanitumia ujumbe kwamba ukumbi umejaa mahindi, tungoje. Nikapita pale, hapakuwa na hata punje. Nilitoa begi chini ya kitanda na nikakunja nguo. Sikulia kwa ajili ya aibu, Mama, nimezoea aibu. Nililia kwa sababu niliwapenda watu hawa na nilidhani wao wameacha kunipenda.

Asubuhi moja nawasha jiko, Magokoro akaingia na ndizi za kuchoma ndani ya kitambaa. Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza ndizi zake, na kinamtosha kwa lolote. Akaketi kitandani, kando ya begi, akalisukuma.

“Rukia, hiyo mzee ya bafu,” akasema. “Ile ndoo ilifika?”

Nikamwomba msamaha. Akatikisa mkono.

“Sikuja juu ya msamaha. Nimekaa wiki mzima sijui huyo mzee alienda wapi na sabuni. Maliza.”

Nikammalizia. Kwamba yule mke wa mwana aligeuka akatembea kinyumenyume mpaka bafuni, akaiweka ndoo bila kutazama, akaanza kurudi. Na baba mkwe akamshukuru, akamwambia, mwanangu, nifungie na pazia, upepo unaingia. Magokoro alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, “Huyo msichana alifunzwa kwao.”

Kisha akanieleza, na namshukuru mpaka leo, maana hakuna mwingine angeweza kunieleza.

“Mimi na wewe tunaweza ongea yote. Mimi na wajukuu yangu, yote. Hata wananiuliza nilipendea babu yao nini, nawaambia. Lakini mzee na bibi ya kijana yake hawawezi sikia maneno ya bafu pamoja. Baba na kijana yake, hapana. Mama mkwe na mkwe wake, hiyo hata usiseme. Hiyo heshima tunaita chinsoni.”

“Kwa hiyo hamkupenda,” nikasema.

“Nani amesema? Mama Kwamboka alienda kucheka nyuma ya choo. Mimi mwenyewe nilijiuma ulimi. Kicheko ilikuja, Rukia. Tulikosa tu mahali ya kuiweka.”

Kisha nikamuuliza, je, nikialika mabibi na wajukuu wao peke yao, wazazi wabaki nyumbani? Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

“Na mababu,” akasema. “Usituachie wao nyumbani.”

Siku ile ile alinitangulia mpaka kwa Mzee Nyaundi, aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani. Nilimwomba radhi. Alimaliza kukata fungu lake, akasema, “Wewe ni mtoto wa kutoka mbali. Hukujua. Sasa unajua.” Akanipa mkungu wa ndizi ambao nilishindwa kuubeba, akanibebea mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Bwana Onchari yale mahindi yake yakaisha ghafla. Tukaandika ubao: kila mjukuu aje na bibi au babu yake, wazazi wapumzike. Mama, laiti ungeona. Walitoka Marani, wengine walitoka mpaka Ekerenyo kwa bodaboda, bibi katikati na mjukuu nyuma amemshika asianguke. Mabibi walikuja na vitambaa vyao vya kanisani na mikoba mapajani. Mzee Nyaundi alikuja na Kwamboka, mjukuu wake aliye sekondari, akaketi pale pale mbele. Nilipochukua kipaza sauti, kabla sijatamka neno, aliinua bakora.

“Anza na ile ya bafu,” akasema.

Nikaanza nayo. Nikanyamaza panapotakiwa, wakatafsiriana, nikangoja. Ndoo ilipofika ukumbi ulipasuka. Kuna babu mmoja alipigwa mgongo na mjukuu wake kwa kukohoa. Nilimaliza ya bafu nikaingia zingine, na kila nilipogeuka niliona mtoto na mzee wameegemeana wanafuta machozi.

Sasa jikoni. Jiko la Onchari limepakana na ukumbi, na katikati kuna kidirisha cha kupitishia sahani. Mama Kwamboka alikuwa amesema anakwenda kumsaidia Onchari kumenya ndizi, yeye ambaye hajapata kumenya ndizi za Onchari hata siku moja. Halafu mwanamume mmoja aliyemleta bibi yake akamwona mama mkwe wake kaketi na mjukuu. Akapita upande mpaka jikoni. Baadaye akafuata mwingine. Mwishowe jiko lilijaa watu waliokuja kumenya ndizi, na ndizi haikumenywa hata moja. Kila nilipofika mahali pa kucheka, ukumbi ulicheka, kisha kutoka kidirishani kikaja kicheko cha pili cha chinichini, na ndani yake nikaitambua sauti ya Mama Kwamboka. Mzee Nyaundi naye aliisikia. Alitazama dari, akamwambia mjukuu wake, “Hiyo jiko iko na moshi sana.”

Hapo Mama nilisahau maneno yangu. Nilisimama kimya, watu wakadhani ni ule unyamavu wangu wa kawaida, wakazidi kucheka.

Nilikukumbuka wewe. Nilipokuwa mdogo na nikimwigiza shangazi anavyosusa, Athmani alikuwa akigaagaa chini, Bibi akipiga mapaja, na wewe ulikuwa ukiinuka unasema, “Nasikia kitu kinaungua.” Unakwenda jikoni. Unakaa huko. Unarudi na uso mkavu, unaniambia nikakunje nguo. Mara nyingi mekoni hapakuwa na kitu, nilikwenda kutazama. Niliamini mimi nachekesha dunia yote isipokuwa mama yangu, na ukweli ni kwamba nimepanda jukwaani miaka yote hii nikiwa na hilo moyoni. Na sauti niliisikia, Mama. Nilisikia kitu ndani ya upindo wa kanga, nikawa najiambia unakohoa.

Sasa nimefahamu. Nawashukuru watu wa Nyakoe kwa kunifundisha jambo lililokuwa nyumbani kwetu. Nakushukuru wewe kwa kunilea hivyo, ukanipa heshima yako mbele na furaha yako nyuma ya ukuta. Nilitamani sana niipate mapema zaidi, lakini nimeipata, na nimefurahi mpaka naandika vibaya.

Basi jibu langu ni hili. Sirudi Ramadhani hii, ila nitakuja Idi kukusalimu kisha nirudi huku, maana Onchari amenipa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Na wewe njoo, tena usije peke yako. Mlete Bibi. Yeye nitamweka mbele kando ya Magokoro, na sidhani hao wawili watahitaji Kiswahili kirefu kuelewana. Wewe ukumbini hutaketi, kwa sababu nina kisa kuhusu wewe na fundi wa cherehani ambacho siwezi kukitoa nikiuona uso wako. Mama Kwamboka amekwisha kukuwekea kigoda jikoni, karibu na kidirisha. Kisu cha kumenyea ndizi pia utapewa, ukishike tu.

Nisalimie kaka Athmani, mwambie ahsante kwa kutosema uongo kuhusu mtandao. Nisalimie shangazi anayesusa, na mwambie nampenda hata kama namwigiza. Msalimie Bi Zena jirani yetu, ila baba mkwe wake usimwambie kwamba huku anajulikana mpaka Ekerenyo. Bibi mbusu mkono. Majani ya chai yaliyo kwenye kifurushi yametoka shambani kwa Mama Kwamboka, ni yako.

Mwanao akupendaye,
Rukia

Tena: Bwana Onchari ameniapia kwamba siku hiyo jikoni kwake hakitaungua kitu chochote. Kwa hiyo itabidi utafute kisingizio kingine, au ucheke tu.