Ruhusa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya leo si mchezo. Nimevaa sweta mbili chini ya koti jeupe, nafanana na gunia. Lakini nina furaha! Sampuli zimetimia. Vipande vya kondo la nyuma, kila kimoja kama punje ya mahindi, vyote viko maabara — na kila mama aliyejifungua alikubali. Wote! Tarehe 26 nasimama mbele ya jopo. Wao ndio wataamua kama naendelea na masomo ya uzamivu au narudi mwanzo.

Wasilisho nitalianza na picha ya kondo la Biasha, mmoja wa mama hao. Siku ya kujifungua kipimo cha kidole kilisema hana malaria. Kondo lake chini ya hadubini limejaa vimelea! (Alishatibiwa, mtoto naye ni mzima.) Utafiti wangu wote uko kwenye picha ile moja.

Jumatano, 11 Juni

Nimempelekea rasimu Prof. Lukresia, msimamizi wangu. Nilitegemea pongezi. Akavua miwani, akauliza kama kweli hakuna hata mmoja aliyekataa. Nikasema hakuna, Prof. — kwa majivuno kabisa.

Akataka nimwoneshe nilivyokuwa naomba ruhusa. Akajitanda khanga yake ya kufunikia magoti, akasema yeye ni mama mkwe, na kiti kile kitupu ndiye mzazi. Haya. Nikapiga goti, shikamoo mama. Nikamweleza utafiti, tunaomba kipande kidogo tu. Akaitikia kwa sauti ya kibibi: "Chukueni tu, wanangu." Nikakigeukia kiti: nawe dada, sawa eeh?

Akavua khanga. "Zulfa mwanangu. Aliyezaa ni nani?"

Mimi nimelelewa Tunduru. Unaanzaje kuongea na binti na mama mkwe wake kakaa pale, umpite kama nguzo? Ningeonekana sikufunzwa. Na mkwe akishasema ndiyo mbele ya daktari, binti gani atafungua mdomo kusema hapana? Adabu yangu mwenyewe imeniponza!

Prof. kasema kila mmoja aulizwe upya, akiwa peke yake. Asiyetaka, sampuli yake inatolewa. Nimejifungia chooni nikalia.

Alhamisi, 12 Juni

Otto — tunasoma naye, yeye utafiti wake ni wa kifua kikuu — anasema saini zipo, kamati ya maadili ilipitisha, najitafutia nini. Nimemjibu vibaya. Nilikuwa nawaza hivyo hivyo, ndiyo maana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Mshangano, wanakoishi wengi wa mama hao, peke yangu. Aibu tupu. Nyumba ya kwanza tu, nimeomba kuongea na binti faragha, mama mkwe akasimama mlangoni. Siri gani hiyo? Mjukuu wake ana ugonjwa gani anafichwa? Nimeondoka natoka jasho, na baridi yote hii.

Nimempigia Prof. Kasema nisiende tena mpaka Jumatatu, tutakwenda wote.

Jumatatu, 16 Juni

Sijui niandikeje. Prof. Lukresia, aliyefundisha madaktari wangapi sijui, leo kashinda amekaa kwenye turubai anapukuchua mahindi na mama wakwe! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Anauliza mavuno, anauliza mbolea, analalamika juu ya wakwe zake (hana hata mmoja!). Vicheko uani. Mimi ndani na binti, tunaongea tunavyotaka, na hakuna aliyekuja kuchungulia.

Hilda kakataa. Wa kwanza! Kasema hakupenda tangu siku ile, alitaka kondo lizikwe lote nyumbani, lakini mama mkwe alishajibu, naye angesemaje. Akaniomba radhi. Nikamwambia mwenye kuomba radhi ni mimi, nikamwomba.

Tukirudi nimeona vidole vya Prof. vimechubuka. Nimemshukuru mpaka akachoka. Kasema shukrani hizo niziweke, siku nikiwa na wanafunzi wangu nami nikawapukuchulie.

Ijumaa, 20 Juni

Wengi wanakubali. Tena sasa wanauliza maswali! Mmoja kakubali kwa sharti kwamba majibu aambiwe yeye, si mkwe. Siku ile ya kwanza hakusema neno. Waliokataa nao wameongezeka, kila mmoja ananiuma kidogo.

Bado Biasha. Nimemwacha wa mwisho makusudi, najijua.

Jumanne, 24 Juni

Biasha.

Bi Mwanahawa, mkwewe, alimkaribisha Prof. mkekani, wakaanza kuchambua maharage. Mimi na Biasha ndani, mtoto yuko titini. Tukaongea Kiyao, akalegea. Nikamwonesha picha. Kaitazama sana. Akauliza kama hivyo vyote vilikuwa ndani yake. Ndiyo. Nani wengine wataiona? Nikasema jopo, na baadaye pengine madaktari wa nchi nyingine, ila jina lake halitakuwepo. Akauliza akikataa nitamchukia? Hapana, wallahi.

Mara Bi Mwanahawa akaita kutoka uani: "Biasha! Wageni wanakaa bila chai?" Akainuka nusu. Nikamsikia Prof. huko nje: "Chai baadaye mama, unimalizie kwanza ile habari yako ya harusi." Bi Mwanahawa akaendelea na harusi. Biasha akakaa tena.

Akasema anaomba afikiri. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu kikubwa mno. Atanijibu Ijumaa.

Ijumaa! Na jopo ni Alhamisi! Neno lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia sawa dada, chukua muda wako.

Jioni hii nimeitoa picha kwenye slaidi na kumtumia Prof. wasilisho. Kapiga simu papo hapo: mbona slaidi ya kwanza tupu? Nikamwambia mwenyewe bado anafikiri. Halafu huyu Mkatoliki wa Hanga, wa misa kila Jumapili, akasema, "Alhamdulillahi!" Tumecheka mpaka machozi. Mungu amweke. Naogopa, ndiyo, naogopa sana, lakini sijawahi kuogopa nikiwa na mtu nyuma yangu namna hii.

Nimejaribu kuweka jedwali mahali pa picha. Halifai. Nimelifuta.

Keshokutwa wakiniuliza tokeo langu kubwa liko wapi, itabidi niwaambie liko Mshangano, linanyonyesha, linafikiri.