Saa Ishirini na Tisa Kwenye Trei ya Mayai

Barasa wangu,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako naijua. Basi nianze na yangu: nimebaki na saa moja.

Moja, Barasa. Ulisema nikikasirika nahesabu, na nikiumia nahesabu zaidi, kwa hivyo nivumilie. Tulikuwa nazo ishirini na tisa. Moja umezikwa nayo. Moja iko mkononi mwangu ninapoandika. Ishirini na saba wamegawana ndugu zako, na mimi ndiye niliyewapelekea, nimezipakata mapajani kutoka nyumbani Huruma hadi kwenu kijijini, masaa manane, nikizikinga na kila shimo la barabara kama mtoto mchanga. Hakuna mwizi aliyewahi kurahisishiwa kazi hivyo.

Tulivyoanza unajua, lakini sina tena wa kukumbushana naye, na kitu kikikumbukwa na mtu mmoja kinaanza kufanana na uongo. Ulinunua koti la kijivu kwenye kibanda changu cha mitumba pale Gikomba, ukabishana bei mpaka nikakuchukia. Kesho yake ukarudi. Nikajua umekuja kulirudisha, nikajiandaa kwa vita. Wewe ukaweka saa ya mkono juu ya rundo la makoti. Ulikuwa umeikuta kwenye mfuko wa ndani. "Koti nimelipia," ukasema. "Saa sijalipia." Mimi niliyeanza kwa kubeba robota za wengine mgongoni, ambaye sijawahi kurudishiwa hata kibanio, nikaiokota nikaigeuzageuza. Nikakwambia, "Isikilize kwanza kama ni nzima." Ukaiweka kwenye sikio la kulia, ukafumba macho. Kisha ukanipa, nami nikasikiliza. Hata majina hatukuwa tumeulizana.

Kanuni yetu ilitoka hapo. Saa haikai kwenye trei mpaka isikilizwe na masikio mawili, langu na lako. "Inaingia" au "Haiingii", basi. Mmoja akikataa, imekwisha, hata iwe na uso wa dhahabu. Ile nyeusi kubwa ya soko la Muthurwa niliikataa kwa sababu ilikuwa inakohoa, ukaninunia mpaka Jumatano. Trei ya mayai ina matundu thelathini, na tulisema ikijaa tunaacha. Miaka kumi na moja, matundu ishirini na tisa. Tulikuwa karibu hivyo.

Na Jumapili zetu. Kabla ya kanisa, trei juu ya meza, wewe unatia ufunguo, mimi nimeshika daftari, redio inangojewa ilie saa moja kamili tuziweke sawa zote. "Tuwaamshe watu," ulikuwa ukisema. Jumatatu asubuhi, kabla hazijalala tena, nilipita moja moja nikiandika imekosea sekunde ngapi, nawe unanicheka: "Sekunde, hata Mungu hakuumba dunia kwa hesabu kali hivi." Sekunde. Hakuna anayeniita hivyo sasa. Mwikali wa kibanda cha jirani ananiita mjane wa makoti, kwa mzaha, na mimi nacheka, maana nisipocheka ataacha kuniletea chai.

Uliondoka Jumatatu ukifunga kamba za viatu. Mkono ulikataa kwanza, kisha mdomo, na kufika hospitali ulikuwa umekwisha. Nilipotafuta leso mfukoni nijifute nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandika mpaka namba kumi na nne. Kumi na tano hadi ishirini na tisa za siku ile ziko wazi mpaka leo, na sijui nilikuwa na haraka gani maishani kwamba sikuinua kichwa nikakutazama unavyoinama.

Sasa kosa langu. Mazishi yalipangwa Ijumaa. Nikapiga hesabu nikaona Jumapili itanikuta kwenu. Miaka kumi na moja ni Jumapili mia tano sabini na mbili, na hatujawahi kuruka hata moja. Niruke kwa sababu umekufa? Nikaifunga trei kwa leso mbili nikaibeba. Ningeiacha juu ya kabati, nani angepanda orofa tano kuitafuta? Mila ya kwenu ya kugawa vitu vya marehemu niliijua, na nilikuwa nimeiandalia sanduku: mashati tisa, suruali sita, lile koti la kijivu. Sikujua kwamba kwenu saa nayo ni nguo.

Hawakungoja hata siku ya tatu. Kaka yako Wanjala alikuwa anarudi kazini, kwa hivyo wakakaa kugawa Jumamosi, viti vya mazishi vikiwa havijakusanywa. Akaifungua leso mwenyewe. "Shemeji, hizi ni za Barasa." Nikasema ni zetu. Akacheka, tena bila ubaya, na hilo ndilo linaloniuma: "Zenu? Kwani mtu mmoja ana mikono mingapi?" Watu wakacheka naye. Shangazi yako akasema kungekuwa na mtoto angalau zingewekwa. Kwa neno hilo sijawahi kuwa na hesabu ya kujibia, na wewe ulikuwa ukilijibu kwa niaba yangu.

Kisha Wanjala akasema, "Mwenyewe aliniambia ni zake."

Na ni kweli. Nilikusikia. Pasaka ile alipotutembelea, mimi niko jikoni nasonga ugali, akakuuliza, "Hizi zote ni zako?" Ukajibu, "Ni zangu, kwani za nani?" Nikajiambia ni maneno ya wanaume wakishiba, ingawa ugali ulikuwa bado haujaiva. Barasa, ungesema ni zetu ungepungukiwa nini? Ulinirudishia saa ya mtu tusiyemjua, ukashindwa kunitajia kwa ndugu yako saa zilizokuwa zangu nusu kwa nusu. Nimekulilia na nimekukasirikia kwa pamoja, na sijui kipi kinaninyima usingizi zaidi.

Namba saba, uliyonipa siku niliyofungua kibanda cha pili, iko kwa binamu yako. Amenipigia simu kuniuliza betri yake inauzwa wapi. Betri! Namba kumi na tisa mke wa Wanjala anafulia nayo nguo. Namba mbili, hii yangu, ilipona kwa sababu mkono wa sweta ulikuwa umeifunika. Bado inakimbia dakika mbili kwa siku. "Kama mwenyewe," ulikuwa ukisema. Trei walinirudishia tupu, kwa heshima zote, Wanjala akaifunga leso tena vizuri.

Lakini hiyo si hesabu inayonimaliza. Inayonimaliza ni ya namba moja.

Alhamisi asubuhi nilikuvisha mwenyewe ile saa ya koti la kijivu. Unajua haitaki ufunguo. Inajijaza kwa mwendo wa mkono. Mkono wako haukuwa na mwendo. Mhudumu wa mochari akaniuliza, "Mama, hiyo ni ya kazi gani?" Niliitikisa mara ishirini nikakufunga. Kisha safari. Lami haikufanya kitu, lakini barabara ya udongo ya kwenu ilikutikisa kuanzia njia panda mpaka uani, na kila shimo lilikuwa linaijaza. Tulifika saa mbili usiku, nayo imejaa kabisa. Wewe na mimi tuliipima mara tatu: ikijaa, inatembea masaa arobaini na moja.

Hesabu basi. Tulikufukia Ijumaa saa nane mchana. Nilipotupa udongo wangu ilikuwa inatembea. Ilitembea jioni yote, watu wakila wali. Ikatembea usiku kucha mkononi mwako. Ikasimama Jumamosi saa saba mchana, labda nusu saa mbele, kwa sababu ya wabeba jeneza. Na Jumamosi saa saba mchana Wanjala alikuwa anafungua leso. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitetea ishirini na saba, na ile iliyotukutanisha ikazima peke yake, hatua thelathini kutoka nilipokaa. Sikwenda. Hata haikunijia. Nimepiga hesabu hiyo kutoka mwanzo na kutoka mwisho, nimeongeza wabeba jeneza na kuwatoa, na kila mara natua pale pale, kwenye kile kiti.

Nyumba imekuwa kimya vibaya. Watoto wa ngazini walikuwa wakinitania, "Mathee, saa ngapi?" ili niwajibu mpaka sekunde. Siku hizi nikipita wananyamaza. Jumapili naamka, naweka trei tupu juu ya meza, natia ufunguo hii moja, redio inalia. Kazi ya nusu dakika. Halafu kuna siku nzima.

Jumanne iliyopita nilifungua robota mpya ya makoti. Mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Saa ndogo ya kutia ufunguo, uso mweupe, kioo hakina hata mkwaruzo. Nilipoiweka sikioni, Barasa, haikuwa na kikohozi. Ilikuwa safi kama mvua ya mbali. Ndiyo ya thelathini tuliyoingojea. Nikageuka kukupa.

Mwikali alikuwa amesimama pale na chai. "Wee, lete na mimi nisikie." Akaiweka sikioni kabla sijamkataza. "Iko poa sana! Inaingia, sindio?" Nilimnyang'anya kwa nguvu hadi chai ikamwagika, na hajakosa lolote. Alisema neno lako, na sikio halikuwa lako. Nimemwomba radhi. Hajui nilimwomba radhi ya nini hasa, na mimi sikuweza kueleza.

Nimeisikiliza kila siku tangu hapo. Kwangu inaingia. Ni nusu ya kura, na nusu haitoshi. Kanuni tuliitunga tukiwa wawili na siwezi kuivunja nikiwa mmoja. Kwa hivyo haimo kwenye trei. Iko kwenye kikombe chako, imelala.

Nitakuja Desemba. Saa za watu sitazigusa, na nikimkuta mke wa Wanjala anafua nitaangalia kando. Nitaijaza hii ya thelathini mpaka ikatae kugeuka, niilaze kwenye udongo upande wa sikio lako la kulia. Saa kama hizi hutembea siku moja na nusu hivi. Hutasema inaingia, hilo najua, mimi si mjinga. Trei itabaki hivyo hivyo. Ila nakuahidi sitaondoka hapo kula wala kusalimu mtu. Safari hii ikisimama, nitakuwa nimekaa nayo.

Lala, Barasa. Jumapili hii hakuna wa kuamshwa.

Ni mimi,
Sekunde