Mfipa Wangu, Sikukuua

Kasiano, Mfipa mkorofi,

Sikuulizi hali, hali yako naijua. Hata hivyo nikifungua kibanda chetu pale Kashaulili natoa kwanza kiti chako, halafu changu, halafu ndiyo nakumbuka. Nakaa nakitazama hicho kingine kama mjinga. Miezi miwili sasa na bado sijaamini. Juzi mama mmoja wa Kakese kaleta baiskeli imepinda rimu, nikamwambia asubiri, fundi wa rimu yuko njiani. Mama wa watu akasubiri mpaka saa nane mchana. Nilipogundua nilichosema nikaona aibu, nikainyoosha mwenyewe. Imekaa upande. Ungeiona ungenitukana.

Naandika kwenye daftari la kliniki, na unajua mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha. Nivumilie.

Nianze na siku ya mazishi, maana wewe ulikuwepo lakini hukuona. Tulishapangiana zamani. Nikitangulia mimi, wewe unavaa koti langu unatembea mbele ya jeneza ukichechemea kama mimi. Ukitangulia wewe, mimi Mnyamwezi, mtani wako, naingia kaburini kabla yako, nalala, nagoma kutoka mpaka ndugu zako wanipe jogoo. Siku hiyo nikavaa kofia yako. Maneno nilikuwa nayo tayari, kwamba radi zenu zote za Ufipa zimekukosa miaka yote hiyo, ukaja kuangushwa na mlango wa bafu. Nikasogea ukingoni, nikatazama chini kwenye ule udongo.

Basi. Miguu ikafa ganzi. Moyo ukaenda kama mashine ya kukoboa mpunga, pumzi hazitoshi, jasho, macho giza. Nikashika kifua, nikapiga magoti.

Na ndugu zako wakacheka, Kasiano. Wakadhani ndiyo utani wenyewe umeanza. Shangazi yako akapiga kigelegele, akasema, "Huyu ndiyo mtani bwana, tazameni anavyojua kufa." Mimi nasema nakufa, nyie mnapiga makofi. Nilipojikojolea, na hili nakuandikia wewe tu, mjomba wako akasema, "Sasa hapo amezidisha." Leokadia peke yake, mke wako, katikati ya kilio chake, ndiye aliyeona midomo yangu imebadilika, akasema nipandishwe bodaboda haraka. Kwa hiyo sikuona wakikufukia. Pengine ndiyo maana nakutolea kiti.

Kwenye kituo cha afya walinipima presha, sukari, wakausikiliza moyo mbele na nyuma. Wakasema mzee, moyo wako mzima. Nikataka kuwagombeza. Yaani moyo unataka kutokea mdomoni, wao wanasema mzima? Wakanipeleka kwa nesi mmoja wa mambo ya akili, binti mdogo wa Kirundi, mzaliwa wa Katumba, anaitwa Yoventa. Nikamwambia mimi siyo kichaa. Akasema, "Sijasema hivyo, babu. Nauliza tu, ulipotazama kaburi uliwaza nini?"

Nikavuta kiti karibu. Halafu nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Unakumbuka ile jioni ya mwisho tunafunga kibanda. Ulishika kichwa, ukasema, "Maganga, kichwa kinaniuma kama kinapasuliwa." Na mimi nikasema, "Kufa basi, Mfipa, mwezi mzima huu sijala wali wa msiba." Ukacheka, ukapanda baiskeli ukaenda zako Nsemulwa. Asubuhi Leokadia akakukuta sakafuni, mlangoni pa bafu. Daktari akasema mshipa wa kichwani umepasuka.

Nilimwambia Yoventa, mdomo wangu umemuua rafiki yangu, na siku nikiufungua tena atakufa mwingine.

Hakucheka. Wala hakuniambia acha kuwaza, kama wanavyosema watu wote. Alichora mistari kwenye daftari hili, akasema wazo ni wazo, babu, halijawa ushahidi. Sasa tulipeleke mahakamani. Upande huu uandike yanayolikubali, upande huu yanayolipinga. Na moyo ukianza mbio nikae chini, nitoe pumzi polepole, nijikumbushe kwamba hii ni hofu, inapanda na itashuka. Kweli inashuka. Nilishangaa kama mtoto. Miaka sabini natembea na huu mwili, sikujua unashuka.

Upande wa kukubali nikaandika: nilimwambia afe, akafa. Upande wa kupinga nikakaa siku tatu sina kitu. Siku ya nne nikaanza kukumbuka. Ni asubuhi gani sikukuambia ufe? Badala ya habari za asubuhi nilikuambia "bado upo tu?" Ulipougua malaria nilikuja na kamba kupima urefu wako. Na wewe uliniambia umeshaliona jeneza langu dukani, ila fupi, miguu itabaki nje. Tangu tuko vijana. Kama mdomo wangu unaua, ungekufa kabla hujaoa. Na kama wako unaua, mimi hapa naandika nini?

Yoventa aliposoma hayo ndiyo akacheka, akaficha na karatasi. Kisha akaniletea balaa. "Sasa babu, tujaribu. Chagua mtani aliye hai, mtanie kama zamani, uandike kwanza unachotabiri, halafu tuone." Nikamwambia binti, wewe ni muuaji. Nilikuwa sijamtania mtu tangu mazishi. Sokoni walishaanza kusema nimeokoka.

Nikakaa wiki. Halafu nikaandika: atakufa kabla ya kesho asubuhi. Nikaenda Nsemulwa.

Ndiyo, Mfipa, nilimchagua mkeo. Ningemchagua nani? Mwingine angecheka kwa adabu tu.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikasimama mbali, nikasema, sauti kama ya mbuzi, "Leokadia, na wewe mfuate mwenzio, hiki kiwanja nilime bamia." Ungo ukasimama. Akanitazama. Nikasema moyoni, tayari, nimemmaliza. Halafu akasema, "Ulime wewe? Mnyamwezi anajua kulima? Kabebe mizigo huko." Akaweka ungo chini, akalia na kucheka pamoja, sijui kipi kilikuwa kingi. Akasema, "Nilidhani siku ile tulizika wawili."

Asubuhi kulipokucha tu nilikuwa mlangoni kwake. Alikuwa anafagia. Hata hakuinua kichwa. "Umekuja kuangalia maiti?" Nikasema napita tu. "Njia ya kupita iko kule. Ingia, nina kitu cha kukuonyesha."

Kasiano, kwa nini hukuniambia?

Alikuwa anatoa mbegu za mahindi kwenye kopo lako la bati, lile lenye kifuniko cha kijani. Chini ya mbegu akakuta dawa. Paketi kwa paketi, hazijafunguliwa, na kadi ya kliniki ya presha yenye jina lako. Dawa za miezi mingi. Yeye ulimwambia kliniki wamesema umepona. Na siku moja alipokuambia urudi kule wakuhakikishie, ulimjibu, "Maganga akinikuta nameza vidonge atanitangaza soko zima."

Nilikaa chini palepale. Moyo ukaanza. Nilidhani nimeshashinda kesi, kumbe shahidi alikuwa kwenye kopo. Na kibaya ni kwamba ulisema kweli. Ningekutangaza. Ningekupa jina jipya kabla ya saa nne.

Nikarudi kwa Yoventa, nikamtupia daftari mezani. Nikamwambia haya, umeona, mdomo huu umeua. Akanisubiri nipumue. Akaniuliza kama nilijua una presha. Sikujua. Akauliza kama mkeo naye angekutangaza soko zima. Nikasema hapana. "Sasa kwa nini rafiki yako alimficha hata mkewe?" Akanisogezea daftari. Akasema, "Andika yote mawili, babu. Usifute linalokuuma ili likupendeze, na usiongeze ambalo hukufanya."

Nimeandika hivi, neno kwa neno: Kasiano aliogopa utani wangu, na hilo linaniuma. Aliogopa ugonjwa kuliko utani wangu, ndiyo maana alimficha hata mkewe. Aliyefunga kopo ni yeye. Mimi sikumuua.

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Halijawa tamu. Lakini nikilisoma, pumzi inafika mpaka chini.

Limebaki moja, halina upande, nimeliandika chini kabisa. Uliniambia kichwa kinapasuka na mimi sikukuuliza kimeanza lini. Yoventa anasema hilo siyo la kesi, ni la kuomba radhi. Naomba radhi, ndugu yangu. Na wewe uniombe, mshenzi, maana umeniachia kibanda chenye rimu za watu.

Kesho ndugu zako wanamaliza msiba na Leokadia amenitaka nije niifanye kazi yangu ya mtani. Nitakuja. Nitakusema mbele ya kaburi lako, kopo na vidonge vyote, na wazee wenzetu wenye makopo yao majumbani wasikie.

Naenda sasa, kuna mtu analeta pancha. Lala, Kasiano. Nakuahidi hivi: mtu yeyote akikaa kwenye kile kiti chako akaniambia kichwa kinamuuma, nitamtania, siwezi kuacha, halafu nitafunga kibanda nimbebe kwenye baiskeli mpaka kliniki. Na akipewa dawa, nitamngoja ameze.

Mtani wako,
Maganga