Mama Alivyomfungukia Sista

Mwende mjukuu wangu,

Bwana asifiwe. Mwili wako uko vipi, na masomo ya uuguzi? Hapa Kyuso tumevuna ndengu, na babu yako anakusalimia.

Unauliza kwa nini wagonjwa hukuambia ni wazima. Sisi tuliookoka, ukitusalimia tutajibu tu, "Mzima, Mungu ni mwema." Mama yangu alinijibu hivyo kila asubuhi. Lakini sista wa zahanati alimuuliza, "Mama, siku hizi nani anabeba mtungi wa maji?"

"Nimemwachia huyu msichana wangu. Nikipanda mlima pumzi inakatika."

Dawa zilimsaidia, na bado nilimwonea sista wivu. Mtungi nilibeba mimi, siri akapewa yeye! Mpaka leo roho inaniuma. Mgonjwa akikufungukia, mhurumie binti yake aliyeketi kando.

Tafadhali nijibu upesi.

Nyanya yako, Kalekye