Ghala la Pamba Limekuwa Stendi

Baba Shija,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuzungumza na wewe kabla sijakuamkia.

Ghala la pamba halikubomolewa. Hilo ndilo nilitaka ulijue kwanza. Leo magari ya Geita, Chato na Bugarama yanapakia abiria hapo. Mlikokuwa mkipanga marobota ya pamba enzi za ujana wako, kabla hujajifunza uashi, sasa watu wamekaa kwenye mabenchi, na lile paa refu linawakinga jua.

Nina jambo la kukuungamia. Kwenye mkutano wako wa mwisho, ule wa kujadili ghala libomolewe ijengwe stendi mpya, uliposimama ukasema kuta zile bado ni nzima, zisivunjwe, watu walicheka. Mmoja akasema mzee analilia ujana wake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilijua unasema kweli, maana ulinifundisha wewe, lakini niliogopa kukosa kibarua cha stendi mpya. Nikanyamaza. Njiani hukunilaumu. Ulisema tu, "Nkwimba, umechoka, nenda ukale." Wiki mbili baadaye tulikuzika. Maneno yako hayo ya njiani yaliniuma kuliko tusi lolote.

Baadaye wakubwa wa halmashauri walikubali ghala libaki, ila kuta zikapigwa lipu ya saruji. Masika yalipokuja, lipu ikavimba na kuanguka vipande vipande, mawe ndani yameloa. Mhandisi wa stendi akasema ukuta umeoza, tingatinga lije Jumatatu.

Nilimfuata mbele ya mafundi wote. Nikamwambia, "Mhandisi, ukuta haujaoza. Umejengwa kwa chokaa. Saruji imeuziba, maji hayana pa kutokea. Nipe ukuta mmoja nikuonyeshe." Akaniuliza nani alinifundisha. Nikataja jina lako. Fundi mmoja alicheka. Mhandisi hakucheka. Alinipa ukuta wa nyuma na wiki tatu.

Nilibandua saruji kwa patasi mpaka viganja vikachubuka. Chokaa nilikuwa nayo, ile uliyoiloweka mwenyewe kwenye shimo la nyuma ya nyumba yako. Nilipoifunua ilikuwa laini kama mtindi. Nikaichanganya na mchanga wa mtoni. Mara ya kwanza nilipiga lipu nene, ikapasuka. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: "Nyembamba, binti. Nyembamba tena. Unakimbilia wapi?" Nikaibandua yote, nikaanza upya.

Mvua ikanyesha kutwa nzima. Kesho yake mhandisi alikuja, akaweka kiganja ukutani. Pakavu. Akaenda mwisho wa ukuta, akaweka tena. Akasema, "Endelea na kuta zote." Nilikwenda kujificha nyuma ya ghala, nikalia, Baba. Nililia sana.

Wiki iliyopita Mama Shija alikuja. Tangu tukuzike alikuwa hatoki nyumbani, hata kanisani haendi. Aliegemea ukuta muda mrefu, mimi nimesimama pembeni na ndoo yangu. Kisha akauliza gari la Geita linaondoka saa ngapi. Nilidhani anauliza tu. Kumbe amekata shauri. Alikata tiketi, akapanda, akaenda kwa Shija kumwona mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Gari lilipoanza kutoka alifungua dirisha akaniambia, "Wabeja, Nkwimba." Asante ile ilikuwa yako.

Jana Shija alinipigia simu. Anasema mama yake amekula vizuri, amecheka, na mtoto hataki kushuka mgongoni mwake.

Basi pumzika, fundi wangu. Kila mwaka kabla mvua hazijaanza nitazizunguka kuta hizi na chokaa yangu. Na siku nikishindwa kupanda ngazi, atakayepanda nitakuwa nimemfundisha mwenyewe, kwa subira ile ile uliyonifundishia.

Mwanafunzi wako,
Nkwimba